Anaijua Mvua ya Tukuyu, Kiingereza Ndicho Kinachomfelisha

BARUA

Habari za kazi, walimu wa safu hii.

Nafundisha Jiografia Kidato cha Kwanza kwenye shule ya kata huku Rungwe. Darasa lina wanafunzi 84 na vitabu 17. Nikiingia wote wanasimama na kuitika "Good morning, teacher" kwa sauti moja kama kwaya. Baada ya hapo ni kimya. Nikiuliza swali, macho yote yanashuka kwenye madaftari. Nikiuliza "Do you understand?", wote "Yes!" Nikisahihisha kazi nakuta wengi wamenakili swali mahali pa jibu.

Mwezi uliopita nilifundisha mvua za milimani, yaani "relief rainfall". Nilisoma kitabu, nikatafsiri kila sentensi, nikawaandikia noti ubaoni, wakanakili kwa mwandiko mzuri kabisa. Kwenye jaribio la alama 50, waliofikia nusu ni 11. Mmoja ameandika kwamba "relief" ni msaada wa chakula. Kijana mwingine alipata 4. Nilimwita pembeni nikamuuliza kwa Kiswahili kwa nini Tukuyu mvua haikauki na Usangu, ng'ambo ya mlima, watu wanategemea mifereji. Akanieleza yote: upepo unaotoka Ziwa Nyasa, unavyopanda mlima, unavyopoa, mvua inavyoishia upande wetu na ng'ambo inafika hewa kavu. Nilibaki namtazama.

Mkuu wa shule amebandika "No English, No Service" kwenye mlango wa ofisi ya walimu, na amekataza Kiswahili darasani. Tangu hapo wanafunzi hawaji hata kuulizia madaftari yao. Mwalimu wa Kiingereza anasema ana vipindi vyake na muhtasari wake. Naomba mniambie: kufundisha Kiingereza ni kazi yangu pia? Nikitumia Kiswahili nakosea? Na nianzie wapi, maana mtihani wa Kidato cha Pili hauko mbali?

Mwalimu wa Jiografia, Rungwe

MAJIBU

Mwalimu, hongera kwa kumwita yule kijana. Wengi wangeandika 4 kwa kalamu nyekundu na kugeukia daftari linalofuata. Kwa kumsikiliza umegundua kwamba jaribio lako lilipima Kiingereza chake, na Jiografia aliyonayo kichwani halikuigusa. Tunaanzia hapo hapo. Kila kipindi chako kimebeba masomo mawili, Jiografia na lugha ya kuielezea Jiografia, na mpaka sasa umekuwa ukiandalia moja tu.

Mtoto huyo amesoma miaka saba kwa Kiswahili, Kiingereza akikiona kama somo moja kati ya mengi. Nyumbani kwao yawezekana ni Kinyakyusa, sokoni Kiswahili, na Kiingereza anakutana nacho kati ya kengele ya asubuhi na ya kutoka. Jim Cummins, mtaalamu wa Kanada, mwaka 1979 alitenganisha lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo. Kwa watoto wahamiaji wa Kanada, wanaozungukwa na Kiingereza mchana kutwa, alionyesha kwamba ile ya mazungumzo huwakaa sawa kwa kama miaka 2, lakini ya masomo, yenye "therefore" na "condensation", huchukua miaka 5 hadi 7. Wako hawazungukwi na Kiingereza, na sekondari ya kawaida ni miaka minne. Kozi ya mwanzo ya Kiingereza ya Kidato cha Kwanza, hata ikifundishwa wiki zake zote bila kukatishwa, inafungua mlango tu. Kwa hiyo salamu ya kwaya isikutulize: ni wimbo walioukariri.

Ndiyo, basi, ni kazi yako pia. Mwalimu wa Kiingereza atafundisha nyakati za vitenzi na uandishi wa barua. Hana kipindi cha "windward", upande wa mlima unaopokea upepo, na "leeward", ule ulioupa upepo kisogo. Hayo ni yako, kama "photosynthesis" ilivyo ya mwalimu wa Baiolojia. Ubishi kuhusu lugha gani ingefaa ni wa siku nyingi. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta wa Njombe, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari ifundishwe kwa Kiswahili. Halikufanyika, na sisi tunaamini watoto ndio waliolipia. Lakini hao 84 watawekewa karatasi ya Kiingereza mezani, na wanahitaji msaada muhula huu.

Kwanza pima, ili usikisie. Chukua aya ya maneno kama 150 kutoka kitabu chao, mada ambayo hujaifundisha. Sentensi ya kwanza iache nzima. Kuanzia ya pili, futa kila neno la saba na uweke mstari, mistari yote iwe na urefu mmoja, mpaka ufikishe mapengo 20. Iandike ubaoni kabla ya kipindi, kila mtu ajaze kwenye karatasi yake, na wewe upokee neno lilelile la kitabu. Anayepata zaidi ya 12 kitabu anakimudu peke yake. Wa 8 hadi 12 anakimudu ukiwa naye. Chini ya 8, kitabu hicho kwake ni ukuta, na kumwambia "nendeni mkasome ukurasa wa 40 hadi 45" ni kumpa kazi isiyofanyika. Usishangae wengi wakiwa hapo. Usiwatangazie alama hizi. Ni zako za kupangia, na zitakusaidia kuwakalisha: kila dawati liwe na angalau mmoja wa juu kidogo.

Sasa maneno. Kwa vipindi viwili vilivyoungana, dakika 80, chagua maneno 6 hadi 8. Ukiandika 20 ubaoni watanakili 20 na kubaki na mawili. Unapochagua, tazama vikapu vitatu.

Kikapu cha kwanza ni istilahi za somo: "water vapour", "condense", "windward". Haya walimu huyashughulikia, maana kitabu chenyewe kimeyakolezea wino.

Cha pili ndicho kilichomwangusha aliyeandika msaada wa chakula. Huyo hakubahatisha. "Relief" kwenye kamusi ni nafuu au msaada, na ndivyo anavyolisikia kwenye habari. Kwenye Jiografia ni umbo la nchi, miinuko na mabonde yake. Maneno ya namna hii yamejaa: "scale" ni magamba ya samaki, ni mizani, na ni kipimio cha ramani, "bed" na "mouth" ni kitanda na mdomo mpaka ufike mtoni, "range" ya milima, "table" ya maji chini ya ardhi. Wenzako wa Fizikia wana "work" na "power", wa Kemia wana "solution". Haya ni mabaya kuliko istilahi ngumu, kwa sababu mwanafunzi akikutana na "condensation" anajua kwamba hajui, ila akikutana na "relief" anadhani anajua. Waulize kwanza neno hilo wanalijua kwa maana gani, wape nafasi waseme, kisha weka maana ya Jiografia kando ya ile ya kawaida, zote mbili zikionekana ubaoni.

Kikapu cha tatu hakuna kitabu kinachokifungua: maneno madogo ya kuunganisha. "Therefore", "although", "whereas", "due to", "unless". Mtoto anayejua "wind", "mountain" na "dry" lakini hajui "although" anaweza kuielewa sentensi kinyume kabisa na asijue kwamba amepotea. Kila juma chukua mawili tu, uyatumie katika kila kipindi, na uyaombe katika kila jibu.

Neno moja linafundishwa kwa dakika moja na nusu hivi. Litamke mara mbili, walitamke. Liandike, uligawe kwa sauti, con-dense, kwa kuwa Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa na wao watatarajia Kiingereza kifanye vivyo hivyo. Waonyeshe kitu: mfuniko wa sufuria ya maji yanayochemka, ukifunuliwa, chini yake una matone. Hapo mvuke umepoa ukawa maji. Sema maana kwa Kiswahili mara moja, bila kuzunguka. Halafu walitie kwenye sentensi. Kinachosahaulika ni hatua ya mwisho: neno lirudi kipindi kijacho, na lirudi tena wiki inayofuata, vinginevyo linafutika pamoja na chaki. Bandika ukutani manila yenye neno, mchoro mdogo na Kiswahili chake. Manila ikikosekana, boksi la katoni lililofunguliwa linatosha. Herufi ziwe na urefu wa sentimita 4 au 5, aliyekaa nyuma asome bila kusimama.

Ukishamaliza maneno bado kuna sentensi zenyewe. Tazama hii, tuliyoiandika kwa mtindo wa vitabu: "Relief rainfall occurs when moisture-laden winds are forced to ascend a mountain barrier, whereupon the air is cooled and condensation takes place." Mambo matano yameshindiliwa pamoja. Upepo "unalazimishwa" bila kutajwa nani anaulazimisha. Kitendo cha mvuke kugeuka maji kimegeuzwa jina, "condensation", kama vile ni kitu kilichokaa mahali. Ifungue, uiandike upya ubaoni:

"Wet wind comes from the lake. It meets the mountain. The mountain makes the wind rise. When the air rises, it becomes cool. The water vapour in the air condenses. It forms clouds, and rain falls."

Maneno yameongezeka na maarifa ni yaleyale, ila sasa sentensi ni fupi na kila kitendo kina mtendaji wake anayeonekana. Chora mlima wenu wa Rungwe, ziwa upande wa kusini, mishale ya upepo, na kila sentensi uipe namba yake kwenye mchoro. Usiwaachie hapo daima, kwa sababu mtihani hautawafungulia. Mwisho wa juma rudisheni ile sentensi ndefu, muifungue pamoja. Baada ya mwezi waanze kuzifungua wenyewe wawiliwawili.

Umeuliza kuhusu Kiswahili. Kukitumia si kosa. Kilichokuangusha ni namna: kusoma sentensi kwa Kiingereza na kuitafsiri hapohapo. Mwanafunzi hujifunza upesi kwamba Kiswahili kinakuja baada ya sekunde tano, basi sikio lake linafunga kila Kiingereza kinapoanza. Amepata Jiografia, na lugha hakuipata kabisa. Halafu noti ulizompa ni za Kiingereza, kwa hiyo alichoelewa na alichoandika havijawahi kukutana. Ndiyo maana kijana wako alikueleza kila kitu mdomoni na kupata 4 kwenye karatasi.

Kipe Kiswahili mahali pake maalumu. Katika dakika 80, zile 10 za kwanza uliza swali lako zuri la Tukuyu na Usangu, wajadiliane wawiliwawili kwa lugha wanayoitaka, Kinyakyusa kikiwemo, na uchukue majibu kwa Kiswahili. Hapo wazo linaingia bila mzigo. Dakika 10 za maneno. Dakika 20 za mchoro na yale maandishi mepesi, Kiingereza kitupu, na uzuie ulimi wako usitafsiri. Wazo wanalo tayari, sasa wanalitafutia maneno. Dakika 20 za kusemeshana kwa Kiingereza wakitegemea viunzi tutakavyoeleza. Dakika 15 za kuandika. Tano za mwisho waulize kwa Kiswahili nini hakijaeleweka, na hapo utapata maswali ya kweli.

Viunzi ni sentensi zilizoachwa wazi: "When the air ______, it becomes ______." "The windward side is ______, whereas the leeward side is ______." Vibandike ukutani mada nzima. Aliye chini ya 8 anachagua neno la kujaza kutoka orodha. Wa kati anajaza mwenyewe. Aliyezidi 12 mwongezee "because" aendelee. Swali ni moja kwa darasa zima, na hakuna anayeonekana amepewa la kitoto.

Kuhusu kimya chao: Mary Budd Rowe wa Marekani, katika miaka ya 1970, alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza, akakuta ni kama sekunde 1. Waliposubiri 3 au zaidi, majibu yakawa marefu na waliojibu wakaongezeka. Hao walikuwa wanafunzi wanaojifunza kwa lugha yao. Wako wanatafsiri swali, wanatafuta jibu, wanalitafsiri tena, ndipo waogope kuchekwa. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Kabla ya kumtaja mtu, waache waambizane na jirani kwa dakika moja, ili anayesimama asimame na sentensi aliyokwisha kuijaribu. Na acha kabisa "Do you understand?", pamoja na ile tabia ya kukata neno ili walimalizie: "The air becomes coo…?" "Cooler!" Darasa linasikika likifundishika, kumbe wanamalizia silabi. Badala yake sema jambo ambalo ni kweli au si kweli, "The leeward side gets more rain", anayekubali anyooshe kidole kimoja, anayekataa viwili, wote kwa pamoja. Kwa mtazamo mmoja umewasoma 84.

Kwenye kusahihisha, toa alama za Jiografia kwa Jiografia. Aliyeandika "The wind it rise the mountain then it cold" ameelewa; mpe alama yake, kisha chagua kosa la lugha la aina moja, mbili zikizidi, umrekebishe hayo tu. Ukijaza ukurasa wino mwekundu atafunga daftari. Utawasaidia zaidi ukijua makosa yanatoka wapi. "The wind it rises" inatokana na "upepo unapanda": kile "u-" anakitafutia nafasi yake kwenye Kiingereza. "Mountains high" ni mpangilio wa "milima mirefu". "My mother, he" ni kwa sababu "yeye" hajali mwanamume wala mwanamke. "The" na "a" zinaangushwa kwa kuwa Kiswahili hakizihitaji. Haya ni makosa ya mtu anayejenga lugha mpya kwa kanuni za lugha anayoijua, na yanaelezeka kwa dakika mbili ubaoni ukiziweka lugha mbili sambamba.

Maneno ya kuamrisha ya mitihani yafundishe kama mada. Wanaonakili swali mara nyingi hawajui linataka wafanye nini. "State" wanadhani ni nchi, "account for" wanatafuta akaunti. Lichukue moja kila juma pamoja na umbo la jibu lake: "state" ni kutaja kwa kifupi, "account for" inadai sababu, kwa hiyo "because" isipoonekana jibu halijakamilika, "distinguish" inadai pande zote mbili katika sentensi moja, na "whereas" katikati.

Mwalimu wa Kiingereza usimwombe afundishe somo lako. Kila Ijumaa mpe karatasi ya maneno yako manane ya wiki ijayo. Mazoezi ya sarufi atayaandika hata hivyo. Zile sentensi za mfano zinaweza kuwa za upepo na mvua badala ya John na Mary. Jambo hilo halimwongezei kipindi.

Mkuu wa shule anataka watoto waseme Kiingereza, na wewe pia unataka hivyo, kwa hiyo ongea naye ukiwa upande wake. Mpelekee andalio la somo lenye zile dakika 80, umwonyeshe kwamba kusoma, kusema na kuandika vyote ni kwa Kiingereza, na Kiswahili kina dakika zake 15 mwanzoni na mwishoni zenye kazi inayojulikana. Mwombe aje akae nyuma kipindi kimoja. Kisha lile tangazo la mlangoni. Mtoto asiye na sentensi ya kuombea daftari lake halitamfundisha hiyo sentensi. Litamfundisha kukaa mbali na mlango. Mwombe mkuu ruhusa ya kubandika chini yake karatasi yenye sentensi tano kwa maandishi makubwa, na Kiswahili chake pembeni: "May I come in, please?" "May I have my exercise book?" "I don't understand question number ___." "Please say it again slowly." "How do we say ___ in English?" Anayebisha hodi asome pale pale mlangoni, ajaze pengo, na apokelewe hata kama ametetemeka. Zibadilishe kila wiki mbili.

Jaribio la mvua za milimani lirudie baada ya wiki tatu, maswali yaleyale, na yule kijana wa 4 umpe kiunzi kimoja cha kuanzia.